Kiduha Cheupe cha Mnyambe

Uingereza,
9 Oktoba 1994

Kaka Dastani,

Shikamoo. Natumaini mko wazima hapo Masasi, wewe, wifi Flora na mwanangu Pendo. Mimi sijambo, ila baridi imeanza na vidole vinakufa ganzi nikishika kalamu. Ukipanda Mkunya mpe Mama shikamoo zangu, mwambie zile kanga alizonipa ndizo ninazojifunga miguuni nikisoma.

Sasa nieleze lililonifanya niandike. Unalijua banda langu pale kituo cha majaribio, lile la wavu lenye sakafu ya saruji. Ndani niliacha ndoo zenye mtama na kiduha. Najua unacheka. Kila mtu hucheka: mtu kasoma mpaka ng'ambo, anachokilea ni gugu linaloua mtama wa watu. Lakini kiduha kimoja kati ya hivyo si kama vingine. Ni kile nilichokikuta Mnyambe kwenye shamba la Bi Bibiana. Maua yake mekundu kama ya wenzake, ila majani hayana kijani kabisa, ni meupe yenye umanjano kama karatasi iliyosahauliwa juani. Mmea hujipikia chakula kwa ile rangi ya kijani. Hiki kimeacha kupika. Kinanyonya mizizi ya mtama kwa kila kitu.

Ninachosoma huku ni maandishi ya urithi yaliyo ndani ya mmea, yale yanayoitwa jenomu. Natafuta ni sehemu zipi zinaharibika mmea ukishazoea kulishwa na mwingine. Wenzangu wanayo mimea iliyoharibikiwa zamani za kale. Mimi ninao ulio katikati ya safari hiyo, na sijasikia mwingine mwenye wa namna hii. Shamba la Bi Bibiana limekwisha limwa na kupandwa mikorosho, kwa hiyo kiduha hicho kimebaki ndani ya ndoo zangu tu.

Esha, msaidizi wangu, hajaandika tangu Julai. Mkuu wa Kituo nimemwandikia mara mbili, kanijibu kwa mstari mmoja: mambo yanaendelea vizuri. Mambo gani? Nakuomba upite pale uingie bandani mwenyewe. Usikubali kujibiwa mlangoni.

Mdogo wako anayekutegemea,
Veridiana


Masasi,
2 Desemba 1994

Mdogo wangu Veridiana,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta mpaka juzi. Sisi wazima. Pendo ameota meno mapya ya mbele, mama yake anamwogopesha asiyaguse kwa ulimi. Mama nilimwona wiki iliyopita, anakohoa kidogo lakini yuko shambani kila siku, hasikii la mtu.

Habari kubwa ni kwamba mambo yamefunguka. Tangu chama cha ushirika kinipunguze kazi nilikuwa mtu wa kukaa barazani, na wewe unajua nilivyokonda. Sasa anayetaka kununua korosho ananunua, mradi awe na leseni. Nami ninayo. Wakulima wanatoka Mkunya, Mnyambe, Nanyamba, wananiuliza mimi, Dastani, mizani yako iko wapi. Nimepata gari la kukodi na mahali pa kuhifadhia magunia, pakavu, penye hewa.

Kuhusu banda lako, lipo. Limesimama vizuri, wala bati halijang'oka.

Niseme na moja, usinune. Barua yako ilikuwa na kurasa mbili. Mama kapata mstari mmoja, magugu yamepata zilizobaki.

Kaka yako,
Dastani


Uingereza,
23 Januari 1995

Kaka,

Shikamoo. Wasalimie wifi na Pendo. Kikohozi cha Mama mpeleke hospitali ya misheni, usimsikilize akisema kitapita.

Nilikuuliza kama ndoo zangu zinamwagiliwa. Umenijibu kuhusu bati.

Wiki hiyohiyo ilipofika barua yako ilifika na ya Esha. Amepunguzwa kazi tangu Agosti, yeye na wenzake wote wa mabandani. Hakuniandikia kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu alidhani ndugu yangu ataniambia. Anasema Mkuu wa Kituo ametangaza kwamba siku hizi kila kituo kijitafutie mapato, na banda langu limekodishwa kwa mnunuzi wa korosho. Anasema alimkuta mnunuzi huyo pale mlangoni akiwaelekeza wapagazi, akamsalimia, naye akageuza uso.

Ulikuwa wewe!

Mahali pakavu penye hewa! Kaka, uliandika maneno hayo ukijua ni wapi, ukabandika stempu ukaenda zako. Miaka sita nimekiotesha kiduha kile, mbegu juu ya mbegu, Esha akinisaidia, mpaka nikawa na uzao usiochanganyika. Umekitoa nje upate pa kuweka magunia.

Nina swali moja na nataka jibu moja. Udongo uliokuwa ndani ya ndoo ulipelekwa wapi?

Veridiana


Masasi,
17 Machi 1995

Veridiana,

Tumeipata barua yako. Flora aliisoma kabla yangu akasema nisijibu. Nimekaa nayo wiki nzima nikaona nikinyamaza utadhani naogopa.

Mama hajambo. Nilimpeleka hospitali kama ulivyoamuru kutoka huko uliko. Siku hizi unalipia kwanza kadi, unalipia dawa, hata pamba. Nililipa. Unafikiri nililipa kwa nini? Kwa korosho zilizokuwa ndani ya banda lako.

Sikuvunja kufuli la mtu. Mkuu wa Kituo mwenyewe alinifungulia. Alisema utafiti umekwisha, fedha ya wafadhili imekwisha, mwenye vitu hivi yuko ng'ambo na huenda asirudi. Nikamwambia ni dada yangu. Akasema, "Kama ni dada yako, basi vitu viko mikononi mwa wenyewe." Mtama wako ulikuwa umekauka umelala, kwa kuwa aliyekuwa anaumwagilia amefukuzwa kazi. Nani alaumiwe hapo, mimi?

Na la maji nalo nilikuwa nimelimeza muda mrefu. Kule Newala akina mama wanateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, magoti yanakwisha wakiwa bado wasichana. Ninyi mlikuwa na bomba mkanyweshea kiduha! Mama alikimbia Mnyambe kwa sababu ya kiduha, akaacha shamba la mama yake, akaanza upya Mkunya. Binti aliyemzaa akaenda Mnyambe kukichukua akakiwekea paa. Ungemwambia nini kama angekuuliza?

Ndoo sikuzitupa. Nzuri zote nimempelekea Mama, anatekea maji, na majirani wamepata.

Dastani


Uingereza,
30 Aprili 1995

Kaka Dastani,

Shikamoo. Asante kwa kumpeleka Mama. Naisema kwa moyo, ingawa umeniandikia kama mtu anayenitupia risiti usoni.

Ndoo zilifika Mkunya. Zilifika tupu?

Sikiliza, niweke hasira pembeni kidogo nikueleze jambo ambalo Mkuu wa Kituo anatakiwa kulijua kuliko mimi. Mbegu za kiduha ni vumbi. Ukizishika kiganjani utadhani umeshika masizi ya chungu. Mmea mmoja hutoa maelfu, nazo hulala ardhini miaka kumi na zaidi bila kuoza. Haziamki mpaka mzizi wa mtama au wa mahindi upite karibu. Mzizi hutoa kitu fulani udongoni, mbegu inakihisi, inaota na kuushika. Mtama unaanza kunyauka kabla kiduha hakijatokeza juu ya ardhi. Ndiyo maana banda lile lina saruji chini na kufuli mlangoni, na udongo wote ulitakiwa uchomwe, usitoke hata konzi.

Nimemwandikia Mkuu wa Kituo nakala ya maneno haya. Wewe nakuuliza tena, na nitakuuliza mpaka nizeeke. Udongo uko wapi?

Unasema niliyemlea ni adui wa Mama. Ndiyo. Adui huyo alimfukuza Mama Mnyambe, na hakuna aliyewahi kumchungulia ndani aone anavyoishi. Mimi namchungulia. Nikijua ni kitu gani hawezi kukosa, nitajua pa kumbana. Sijafika huko, nakubali. Ila nilikuwa njiani.

Veridiana


Masasi,
11 Novemba 1995

Veridiana,

Habari za siku nyingi. Usihesabu nilivyokawia, msimu umenibana.

Pendo ataanza darasa la kwanza Januari. Flora ana mimba. Mama anakusalimu, anasema umekuwa mwembamba kwenye ile picha. Mtama wake mwaka huu haukuwa mzuri, jua lilikuwa kali.

Nikuarifu kwamba nimehama banda. Nilimpelekea Mkuu wa Kituo ufunguo, nikamwambia arudishe kazi ya watu, dada yangu anaumwa roho. Akacheka, akaupokea. Jumatatu yake nikaona lori la mnunuzi kutoka Dar es Salaam linateremsha magunia palepale. Kwa hiyo sasa sina ghala na wewe huna banda. Nadhani umeridhika.

La udongo tuliache.

Dastani


Mkunya, Newala,
14 Aprili 1996

Dastani,

Hutaona salamu humu.

Nimekuja kukusanya sampuli mpya. Nilipita Masasi Jumatano ya wiki iliyopita sikuteremka kwako, nikaunganisha basi la Newala. Sikutaka kukuona kabla sijamwona Mama. Sasa namshukuru Mungu sikukuona, maana hata sijui ningekufanyaje.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye ule mtama wa karibu na mihogo. Alikuwa amepiga magoti. Nilidhani anapalilia. Nikaita hodi, akageuka, akataka kusimama akashindwa, nikakimbia kumshika. Hapo ndipo nilipoona. Chini ya mtama wote, kutoka migombani mpaka kwenye njia ya kwa jirani Nikolao, maua mekundu. Mtama wenyewe unafika kiunoni, umekunjamana, masuke matupu. Pembeni ameweka lundo la alivyong'oa, vibichi juu ya vikavu.

Nikamuuliza, "Mama, hiki kimetoka wapi?"

Akasema, "Mimi nikuulize wewe uliyesoma. Mwaka jana kilikuwa kidogo, pale alipomwaga kaka yako udongo. Mwaka huu kimekula shamba."

"Udongo gani?"

"Ule mweusi wa kituoni. Kaka yako aliuleta na gari, na ndoo zake. Udongo mzuri, una samadi. Nikolao alitusaidia kumwaga. Nilikuwa nawaringia majirani, nikisema mwanangu ameniletea mbolea ya Serikali."

Dastani, alisema hivyo akitabasamu. Kisha akaniangalia, nadhani akaiona sura yangu, tabasamu likaondoka. Akaniuliza polepole, "Hiki ndicho ulichokuwa ukikisomea?"

Nikasema ndiyo.

Akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha kama mtoto. Akasema, "Nilikikimbia Mnyambe ukiwa mgongoni mwangu. Kwa hiyo kimenifuata."

Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alichukua kiduha kimoja kutoka kwenye lundo akaanza kukivunjavunja.

Nataka ujue na hili, kwa kuwa hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Nilipoinuka niliviona kwenye kona ya mihogo, vyeupe, vile vya Mnyambe, vimejaa pale kama kikundi cha wageni. Na nilifurahi. Mama yuko chini amekaa kwenye shamba lililokufa, na moyo wangu ulinidunda kwa furaha. Naona haya mpaka sasa. Lakini haya yangu hayapunguzi kosa lako hata chembe.

Mama aliniona ninavyoviangalia. Akasema, "Chukua unachokitaka leo. Kesho nachoma."

Nilichukua vilivyonitosha nikavifunga kwenye karatasi. Vilivyobaki tuling'oa pamoja juma zima, yeye mstari wake na mimi wangu. Nilimwomba apumzike, akaniambia nimpishe.

Majirani wanasema ulikuja Machi mwaka jana, ukasimama pale njiani ukaangalia, ukampa Mama sukari ukaondoka. Machi! Mwezi uleule ulioniandikia kuhusu ndoo. Kisha Novemba ukaniandikia kwamba jua lilikuwa kali.

Anasema nisikugombeze, ulimletea kama zawadi. Mimi si Mama.

Veridiana


Masasi,
6 Mei 1996

Veridiana,

Barua yako haina hata shikamoo. Sawa. Na mimi nimeipokea bila marahaba.

Flora amejifungua mtoto wa kike. Ningependa kukuandikia hilo peke yake kwenye karatasi nzuri, lakini sisi hatuna tena karatasi nzuri.

Wewe unasema "ulimwaga udongo." Sema yote basi. Nani aliyekitoa kiduha Mnyambe akakishusha Masasi? Kama ungekiacha kwa Bi Bibiana kikafa chini ya mikorosho, ningekipeleka wapi mimi? Mkuu wa Kituo alisimama mlangoni akaniambia, "Huo ni udongo na samadi tupu, beba, utatupunguzia taka." Mtu mwenye digrii! Nikafikiria Mama na mchanga wake wa Mkunya usioshika kitu. Nilitoa gari langu siku ya soko, nikaacha kununua, nikapanda na udongo mpaka Newala. Barabarani nilikuwa naimba.

Nilipoona yale maua mekundu sikuelewa mara moja. Barua yako ya mbegu ilipofika ndipo nikaelewa, nikaikunja, na tangu siku hiyo sijui nimelala vipi. Ningekuandikia nini? Wewe ungeandika tu barua nyingine ya hasira nzuri yenye herufi nzuri. Mama ndiye angebaki na shamba.

Nimempelekea vibarua watatu wamng'olee. Aliwapa uji akawarudisha.

Dastani


Uingereza,
8 Desemba 1996

Kaka Dastani,

Shikamoo. Mpe wifi pole na hongera, ingawa nimechelewa, na huyo mdogo mniandikie jina lake.

Nimemaliza. Mtihani wa mdomo ulikuwa wiki iliyopita. Kiduha cheupe kimenionyesha nilichokitafuta: sehemu za kupikia chakula ndani ya jenomu yake, baadhi zimevunjika vipande, nyingine zimebaki nzima lakini zimenyamaza, hazitumiki. Msimamizi wangu alisimama akanipa mkono mbele ya watu. Watahini waliniuliza mmea ulikusanywa wapi. Nilijibu, "Mkunya, shambani kwa mama yangu." Wakaandika. Mmoja akasema nina bahati. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Wamenitaka nibaki. Nimekataa, narudi Juni. Kituo hakina nafasi. Nikikosa mahali nitafundisha sekondari Newala. Wizarani niliwaandikia kuhusu Mkuu wa Kituo, wamejibu kwamba barua imepokelewa. Nitaipeleka tena kwa miguu yangu.

Sikuandika ili tugombane tena, ingawa ninaweza. Naandika kwa sababu Mama amepanda mtama palepale, anasema hana shamba jingine, na kiduha kitatokeza mwishoni mwa Februari. Lazima king'olewe kabla hakijafungua ua, mwaka huu, na ujao, na mingine mingi. Magoti yake umeyaona. Usimtumie vibarua, amekwisha kukuonyesha. Nenda mwenyewe. Acha mizani, acha gari, nenda.

Veridiana


Mkunya,
6 Machi 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto tumemwita Ethel, jina la Mama. Flora ndiye aliyechagua.

Nimefika huku Jumapili baada ya ibada. Nilimwamkia Mama, akaitikia. Nikamwambia nimekuja kung'oa. Alinyoosha kidole tu, pa kuanzia, upande wa kwa Nikolao. Leo ni siku ya tano. Chakula ananiwekea chini ya kawa, nakula mwenyewe. Jana mchana aliniuliza kama ugali unatosha. Mpaka jana, tangu tuamkiane, hilo ndilo neno pekee tulilosemezana.

Sikujua ni vingi hivi. Ukiwa barabarani unaona maua, unasema ni magugu. Ukiwa chini unakuta kila shina la mtama limezungukwa, na ukivuta kimoja unasikia kinavyong'ang'ania huko ndani. Vidole vimechubuka. Msimu wa korosho umefungwa na wenzangu wako Dar wanahesabu faida. Mimi niko hapa kwa magoti.

Usiniandikie kwamba umenisamehe, sikukuomba. Na wewe mimi bado sijakusamehe. Ukirudi Juni tutakaa tuyaseme yote kwa mdomo, Flora awepo.

Leo asubuhi nilifika kwenye kona ya mihogo. Vyeupe vyako viko pale, vimetokeza upya, vingine vina vichwa vya maua. Mama alikuwa mstari wa pili. Nikamuuliza, "Mama, hivi vya Veridiana nifanyeje?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Ng'oa."

Nikang'oa. Sikukuachia hata kimoja. Ukikasirika, kasirika, utanikuta hukuhuku. Siondoki mpaka mtama wa Mama utoe masuke.

Kaka yako,
Dastani